Maganga Aliyekufa Mara Mbili

Bado siamini, na mchanga nimeutia kwa mkono wangu mwenyewe jana kule Igalula. Maganga wangu safari hii kaondoka kweli.

Naandika kwa kidole kimoja, miaka yangu inakaribia tisini, nikikosea herufi mniache hivyo hivyo. Sina hamu ya kusahihishwa na mtu leo.

Vijana mnaonifuata humu hamkumjua. Alikuwa mtu wa signal kwenye reli enzi ya Mwingereza, Mnyamwezi mrefu, anacheka kabla hajamaliza kusimulia. Mimi Mzaramo, baba yangu aliletwa Tabora na reli hiyo hiyo. Kwa hiyo Maganga alikuwa rafiki yangu, lakini kabla ya urafiki alikuwa mtani wangu.

Utani wetu umetoka kwenye njia ya misafara, wazee wao wakishuka pwani na mizigo, wazee wetu wakiwapokea. Nilimwita mpagazi wangu, naye akaniita mla nazi. Hata mbele ya mama mkwe wangu!

Msiojua niwaambie: kwenye msiba mtani haji kulia. Anakuja kumtukana marehemu na kuziba njia jeneza lisipite, mpaka wafiwa wacheke bila kutaka. Hiyo ndiyo kazi yake, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia.

Naikumbuka siku aliyorudi kwa leave kutoka Urambo. Hakutaka hata kunywa chai. "Twendeni tukapaone petu," akatuambia mimi na Sadala, rafiki yetu wa tatu, fundi cherehani wa Gongoni.

Tukaanza na shule yetu ya Ng'ambo, tukachungulia dirishani mpaka mwalimu akatutoa mbio. Tukaenda sokoni kwa mama wa michembe, vile viazi vikavu tulivyokulia. "Mwangaluka, mayu," Maganga akamwamkia. Mama akatutazama wee, akasema, "Nyie wadokozi bado mnaishi?"

Halafu kwa miguu mpaka Kwihara, ilikopita misafara, tukitafuna michembe njia nzima.

Tuliporudi mjini tukasikia kuna Wazungu wanapiga picha ya sinema kwenye godauni la karanga karibu na stesheni. Maganga akasema yeye hafi bila kuona studio.

Karani wao akatuingiza. Mama yangu! Mbingu imechorwa kwenye turubai, milima ya kitambaa, na taa kubwa zinachoma kuliko jua la saa saba. Sadala akaenda kuipapasa mbingu. "Pindo wameshona vibaya," akasema.

Picha yenyewe ilikuwa ya msafara wa zamani, na siku hiyo mpagazi mmoja alitakiwa afe njiani. Aliyepangiwa kufa hakuja kazini. Dairekta akamwangalia Maganga juu mpaka chini, akamwonyesha mkeka. Maganga akalala, akafunikwa shuka mpaka usoni.

Mimi na Sadala tukaambiwa kazi yetu ni kulia. "Action!"

Jamani, mimi nimlilie Maganga? Mtani wangu kalala pale ananisubiri. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Afadhali umekufa, mvivu wewe! Tangu Bagamoyo mzigo wako naubeba mimi!"

Shuka ikaanza kutikisika. Kisha maiti ikacheka, Sadala akaanguka chini akijishika mbavu.

"Cut!" Dairekta kawa mwekundu. Karani akatutafsiria: "Bwana anauliza, nyie kwenu mtu akifa huwa mnacheka?"

Maganga akaketi na shuka yake begani. "Mwambie Bwana, mtani wangu asiponicheka, watu watajuaje kama nilikuwa na mtu?"

Tukafukuzwa. Kipande kile walikitupa, sijakiona mpaka leo. Picha iliyowekwa juu ya jeneza jana ni ile ya kitambulisho, amenuna. Maganga, amenuna!

Mwaka jana alipokuja Tabora hospitali tulipitia kule kote tena, mimi na yeye tu, maana Sadala tulishamzika. Shule imezungushiwa ukuta. Godauni halipo, pana maduka ya simu. Tulisimama pale na fimbo zetu, watu wanatupita huku na huku.

Akanishika mkono. "Mla nazi, siku yangu usije ukanyamaza."

"Tangulia uone," nikamjibu.

Basi jana, jeneza lilipotolewa, nikasimama mbele yake nikanyoosha fimbo. "Hapiti mtu! Maganga, mvivu wewe, hata kaburini unataka kubebwa?"

Hakuna aliyecheka. Nilizitazama nyuso zote, wakubwa kwa wadogo.

MC akachukua kipaza sauti, akasema kwa upole kabisa, "Jamani tumsaidie mzee wetu, uchungu umemzidi." Vijana wawili wakanishika makwapani, wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki, wakaniletea maji. "Pole sana, babu."

Sikuwa nimezidiwa. Nilikuwa kazini. Uchungu ulinikuta pale kwenye kiti, nikilitazama jeneza linapita na hakuna wa kulizuia.

Aliniomba kitu kimoja tu, na hicho kimoja nimeshindwa kumpa. Siwezi kurudia, mtu hazikwi mara mbili.

Na mimi je? Wajukuu zangu hawawajui hata watani wao ni kina nani. Siku yangu wataimba vizuri, wataniita mzee wetu mpendwa, watanipitisha moja kwa moja. Nitazikwa kama mtu asiyekuwa na mtu.

Haya Maganga, humu hakuna wa kunishika makwapani. Mvivu mkubwa wewe! Umejilalia, mzigo wote umeniachia mimi, na mimi sina tena pa kuupeleka.

Walipofunua jeneza tukuage niliitazama shuka uliyofunikwa muda mrefu, nikisubiri. Haikutikisika.

Lala salama, mpagazi wangu.