Leso Yangu Ilipogeuka Pazia

Hii aibu nimeificha miaka, hata dada zangu sikuwaambia, lakini kwa vile wengine mmeshaipata sokoni imetiwa chumvi, bora niisimulie mwenyewe.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata leseni ya kuendesha gari, na marehemu mume wangu alikuwa ameniachia pikapu, basi wenzangu wa kikundi cha kuwapeleka wazee wa vijijini hospitali (kazi ya kujitolea, hata chai unajinunulia) waliponiambia nikamchukue Susu Kalondu, bibi kizee wa karibu na Katangi huko Yatta, nilifurahi mpaka nikaiosha gari mara mbili. Daktari wa macho alikuwa anakuja Machakos siku mbili tu, na akiondoka hakuna ajuaye atarudi lini. Mama Mumbua, kiongozi wetu, akanishika mkono: "Mama Rukia, lete Susu peke yake. Mzee Nzioka ataendewa na gari ingine. Umesikia?"

Kusikia nilisikia.

Susu nikampata tayari, nikampakia, tukaondoka tukipiga gumzo. Kufika njia panda, nani kasimama juani na fimbo na koti lake la suti? Mzee Nzioka. Nikajiambia, gari la pili la nini na hapa nafasi ipo? Huruma ikanipanda (na kutaka kusifiwa kidogo, nisidanganye), nikashuka, nikamshika mkono maana macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga na kivuli tu, nikamsogeza Susu katikati, nikamfungia mzee mlango.

Susu akajifunika kanga uso mzima. Nikadhani ni vumbi. Na mimi kwa kupenda watu nikasema, "Mzee, msalimie mwenzako, Susu Kalondu."

Mzee wa watu akatoa kichwa nje ya dirisha, kichwa na bega. "Simamisha gari." Nikajua ni kichefuchefu, na dawa ya kichefuchefu ni kufika, nikakanyaga mafuta. "Mama, simamisha." Vumilia mzee, si mbali. Kutoka Yatta mpaka Machakos mjini mzee yule alisafiri nusu ndani, nusu nje, na vumbi lote la barabara akalipokea yeye.

Tulipofika hospitalini akashuka akijipangusa vumbi. "Mama Rukia, huyu ndiye alizaa bibi yangu. Miaka thelathini sijakaa na yeye hata kivuli kimoja. Sisi tuko na nthoni."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi mtoto wa Machakos mjini, wazazi wangu walitoka Pwani kufanya biashara, na Kikamba changu ni cha kununulia nyanya, lakini hata mimi najua nthoni ni ile heshima ya mkwe na mama mkwe, hawakaribiani, hawatazamani. Kumbe ndiyo maana ya gari mbili.

Mzee akasema anarudi nyumbani kwa miguu, na haoni hata shimo lililo mbele yake. Susu akasema ndani ya kanga, "Rudisha mimi. Yeye bado ako na shamba ya kulima." Mmoja akiondoka, macho yake ndiyo basi tena, na mkosaji ni mimi.

Hapo akili ikaja. Nikawakalisha ncha mbili za benchi, nikavua leso yangu ya mabegani, nikasimama katikati nimeitandaza kama pazia. Foleni ikisogea, tunasogea. Saa tatu nzima, mikono juu, wagonjwa wananizunguka kutazama, na maandishi ya leso yanausomea umma: *Wawili wakipendana adui hana nafasi*. Muuguzi mmoja alicheka mpaka akaketi. Mama Mumbua alipotokea hakucheka, alinitazama tu, na hilo liliniuma zaidi.

Lakini wote wawili walipasuliwa mtoto wa jicho siku hiyo hiyo, nikashukuru Mungu nikilia.

Kesho yake bandeji ya mzee ikafunguliwa. Akatazama dirisha, akatazama vidole vyake, akasema taratibu, "Naona kucha." Ndugu zangu, furaha niliyoisikia ilinitoa akili. Nikakimbia wodi ya wanawake, nikamvuta Susu mkono, naye jicho lake jipya limeshafunguliwa, tukaingia mbio, "Susu, njoo uone."

Wakaonana. Uso kwa uso, kweupe, na leso nimeiacha kitandani.

Mzee akafumba jicho lile lile alilolisubiri miaka. "Miaka thelathini," akasema, "na mtu wa kwanza naona vizuri ni yeye." Susu kwenye kanga yake alikuwa anatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa akilia au akicheka.

Wazee wa ukoo waliamua nilipe mbuzi kwa kuivunja nthoni yao, nikapeleka dume la maana. Kuwabeba wazee sijaacha, ila siku hizi hakanyagi mtu pikapu yangu kabla sijamuuliza ameoa wapi na ameozesha wapi. Na leso ile haijarudi mabegani, inakaa chini ya kiti, imekunjwa, tayari.