Maman Nzigire na Kitabu Chembamba

Maman Nzigire aliuza sambaza, samaki wadogo wakavu wa ziwani, pale Kamembe, na tangu azaliwe hakuna muntu aliyemwonyesha njia akaifuata. Alitoka ng'ambo, upande wa Bukavu, akaolewa huku, mume akafa mapema, akamlea mtoto wake mmoja kwa samaki na kwa kiburi. Mtoto huyo, Mirindi, alikua akawa mchuuzi wa vitenge, wa kuvuka mpaka kila siku ya soko. Ikaja mvua kubwa, miaka ile ng'ambo ikiitwa bado Zaire. Mirindi akateleza na mzigo wake kwenye ukingo wa mto, karibu na daraja la mpakani, Rusizi ya Kwanza. Walimtoa amekufa, mbali sana, huko chini.

Tangu hapo alikuwa anakuja. Mama yake akigeuza samaki juani, anamwona amesimama pembeni ya mkeka, shati limeshikamana na mbavu, maji yanamchuruzika kutoka kichwani hadi yanafunika uso. Hasemi neno. Akienda, udongo aliposimama unabaki mkavu. Nzigire alijaribu kumkumbuka vingine: siku ya ndoa, mbele ya sahani ya maharage, kanisani akisinzia. Wapi! Kila alipomvuta, alikuja na mto wake.

Na siku ya kuondoa matanga ilikuwa inakaribia. Siku hiyo mzazi husimama akaeleza maisha ya marehemu, ndipo watu wanywe na kuagana na msiba. Atasimama aseme nini, naye uso wa mwanawe hana?

Eugénie, mjane wa Mirindi, alimletea katoni ya vitabu. Mirindi alivipenda mno, vitabu vya Mzee Balagizi wa Bukavu, mtungaji wa visa vya Lubala, mchawi anayeruka kwa ungo lakini anaogopa kimo, kwa hiyo anapita chini ya migomba na kugonga vichwa vya watu. Akivisoma, Mirindi alicheka mpaka anapiga ukuta kwa kiganja. Mama yake hakuwahi kumuuliza anacheka nini. Alidhani muda upo.

Eugénie akachomoa kitabu kinene. "Anzia hapa, Maman. Ni ya kwanza. Humu njo Lubala anazaliwa."

"Ni weye ulinizaa, njo unionyeshe pa kuanzia?"

Herufi alizijua za katekisimu, na ziliishia kwenye ubatizo. Kusomewa alikataa. Akapekua katoni, akatwaa kitabu chembamba kuliko vyote, akasema kitabu ni kama muhogo, mwembamba ndio unaiva upesi.

Akasoma kwa kidole na midomo, samaki wakikauka, wanunuzi wakimsubiri. Kumbe kile chembamba kilikuwa cha mwisho. Lubala amekufa tangu ukurasa wa kwanza, ungo wake umegoma kutua, wachawi wenzake wanagombana nani apande juu ya paa kuushusha. Nzigire hakucheka hata kidogo. Alimsikitikia Lubala kama unavyosikitikia maiti ya muntu wa kilima kingine, kwa adabu tu. Kisha akakasirika. Akamwambia Eugénie kwamba huyo Balagizi ni mjinga, na Mirindi naye alikuwa anachekea upuuzi.

Eugénie alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua macho.

"Maman, umeingia matanga ya muntu hukumujua. Bale banaomulilia, balishacheka naye kwanza."

Bila kuomba, Nzigire akaenda kuchukua kile kinene.

Humo Lubala alizaliwa na kumwibia mkunga kiko chake. Nzigire akacheka peke yake pale mkekani, akashtuka kwa sauti yake mwenyewe. Lakini kicheko kilikuja na baridi, kwa maana yeye alishajua kifo kilichokuwa kinamngoja kachanga kale. Alipoinua macho, Mirindi alikuwapo, bado ameloa maji, ila safari hii amesogea, ameinamisha kichwa kama muntu anayetega sikio. Akamsomea kwa sauti. Alipokwama kwenye neno refu, alimwona akingoja.

Siku ya matanga ikafika. Shemeji yake, Papa Ntabaza, akatangulia kusimama. Akaanza na mvua, akaingia kwenye ukingo, utelezi, mzigo. Watu wakainamisha shingo.

"Shemeji, ikala chini," Nzigire alisema. "Unaanzia mwisho."

Akasimama yeye. Akasema habari za kiangazi kimoja, Mirindi bado mdogo, alipotumwa Gashonga kuleta mbuzi wa shangazi. Mbuzi akakataa kamba. Basi mtoto akambeba mabegani njia nzima, akaingia nyumbani ananuka kuliko mbuzi mwenyewe, na alipoulizwa akajibu kwamba mnyama alikuwa amechoka. Watu wakacheka. Katekista akamwaga pombe yake. Hata Ntabaza akafuta macho.

Nyuma yao, penye ua, Nzigire akamwona Mirindi yule mdogo anaingia. Mbuzi shingoni. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Uso wote uko wazi, midomo imepasuka kwa kiu.

"Maman," mtoto akasema, "unipe maji."

Nzigire akaacha habari katikati. Akachota kikombe mtungini, akapita kati ya wageni kwenda penye ua, mahali ambapo wao hawakuona muntu, na hakuna aliyethubutu kumzuia.