Kipandio cha Basi la Mjomba Rajabu

Nikisikia harufu ya chuma kinachochomelewa, hata nikiwa na haraka zangu katikati ya Korogwe mjini, lazima nigeuke. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa uwanjani kwetu Makuyuni nilipokuwa darasa la tatu, masika yamekwisha na shule zimefungwa. Mjomba Rajabu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa kuchomelea pale Segera. Alinunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti vyote, akaweka kitanda kipana cha chuma, jiko la gesi, kabati na pazia la maua. Watu walimcheka wakachoka. Wakasema Rajabu kawa kobe, anataka kutembea na nyumba yake. Yeye hakujali. "Hii ni nyumba ya mama," alijibu, akaendelea kupiga rangi.

Mama yake ndiye bibi yangu, Bibi Zaituni, aliyelala nami chumba kimoja na kuniita mke mwenza. Magoti yalikuwa yamemshinda. Dada yake mkubwa, Bibi Mwanaidi, alikuwa Kwamsisi, naye akitembelea fimbo. Hao wawili hawakuwa wamelala chini ya paa moja tangu bibi aolewe. Enzi za babu alikwenda na kurudi siku hiyo hiyo, maana babu hakutaka mji ulale bila mwenyewe. Babu alipofariki, magoti nayo yakagoma. Bodaboda hawezi, basi la abiria hawezi. Alitaka jambo moja tu, alale na dada yake walau siku moja kabla mmoja wao hajatangulia. Alilisema asubuhi na jioni, hata sisi wajukuu tukawa tunammalizia sentensi.

Siku ya safari Mjomba alilisogeza basi likagusana na baraza yetu, ambayo imeinuka sawa na kipandio chake, na bibi akavuka tu kama anayetoka sebuleni kwenda chumbani. Alilala njia nzima, akiamka kwenye mashimo kumwuliza mwanawe kama anabeba watu au mihogo. Kwamsisi tulifika mchana. Bibi Mwanaidi alikuwa amekaa mlangoni amevaa khanga mpya. Vijana wawili wa jirani walimshusha bibi kabla hajafungua mdomo kukataa, naye akawafokea vizuri sana. Kisha akamgeukia dada yake. "Shikamoo dada." "Marahaba, mdogo wangu. Umezeeka weye!" Wakashikana mikono, wakalia bila kuficha.

Nyumba ya Bibi Mwanaidi ilikuwa imeangushwa ukuta mmoja na mvua, na katika chumba kilichobaki alikaa mwanawe na wajukuu watano. Kwa hiyo mpango ulikuwa mabibi walale ndani ya basi. Tatizo ni uwanja. Uliinama, na basi likainama nao kuelekea upande wa mlango, hivi kwamba mtu akilala kitandani anaviringika. Mjomba akasema hiyo ni kazi ndogo. Akapanga mawe na magogo ya mkonge chini ya magurudumu ya upande ulioinama, akalipandisha basi juu yake. Mimi nilibeba mawe kwa majigambo. Tukaweka bakuli la maji sakafuni, na maji yakatulia sawasawa pande zote. Mjomba akapiga makofi.

Basi lilinyooka kweli, ila kipandio cha mlango sasa kilimfika bibi mapajani. Alishika bega langu, akainua mguu mara ya kwanza, ukarudi. Mara ya pili akateleza, akakaa chini pu! Nami nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. Mtoto hucheka tu. Bibi Mwanaidi alinitazama, na nikatamani ardhi inimeze. Naona aibu mpaka leo.

"Mama, nakubeba mara moja tu," Mjomba akasema. Bibi akamsukuma kwa fimbo. "Mtu mzima hubebwa siku moja, Rajabu, na siku hiyo haulizwi. Leo naulizwa, na nimekataa." Akaomba kigoda, akakaa karibu na jiko la dada yake. Akasema kesho asubuhi arudishwe Makuyuni, amekwisha kumwona dada yake, inatosha. Haikutosha, na kila mtu pale alijua. Bibi Mwanaidi alikuwa akichochea moto usiohitaji kuchochewa. "Kwa hiyo unaondoka bila kulala, Zaituni," akasema.

Bibi Zaituni alikuwa akitazama mafiga. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, lakini hawakusema la kufanya moja linapokuwa refu kuliko wenzake. Bibi alijua. "Rajabu, njoo hapa. Figa likizidi, unayapandisha mawili yaliyobaki?"

"Hapana, mama. Unalichimbia lile refu."

"Basi mbona gari langu umelipandisha?"

Mjomba akacheka, akavua shati, akaomba jembe. Tuliyatoa mawe yote, akalisogeza basi nyuma, akachimba mifereji miwili ya magurudumu upande wa juu, ambako hakukuwa na mlango. Ardhi ilikuwa bado laini. Udongo uliotoka niliubeba mimi kwa karai, safari hii kimya, tukaumwaga pale mlango utakapokuja na kuushindilia ukawa ngazi pana. Basi likaingia mifereji yake. Maji kwenye bakuli yakatulia. Bibi Mwanaidi akapanda kwanza, akiwa mwenyeji, bibi akafuata, hakuna aliyewagusa. Asubuhi nilikuta fimbo mbili zimeegemezwa mlangoni, na ndani wanagombana kuhusu jina la mbuzi wa baba yao. Tulikaa siku tisa.

Bibi alifariki nikiwa sekondari, hospitalini Korogwe, na basi lile ndilo lililomrudisha Makuyuni. Baraza ilijaa waombolezaji, na uwanja ulijaa wanaume wa kumshusha. Mjomba alisimamisha basi, akashuka, akachukua jembe akaanza kuchimba chini ya magurudumu. Wakamwambia, "Rajabu, tupo wengi, tutambeba." Akasema, "Najua," na hakuacha mpaka kipandio kilipokaribia ardhi.

Siku hizi nina nyumba yangu mjini, ya vigae, yenye ngazi nne mbele kwa sababu kila mtu mtaani ana ngazi nne. Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea. Alisimama chini ya ngazi, akasifia maua yangu, akasifia rangi ya ukuta, akasifia geti, na nikaelewa kwamba anavuta muda. Sikumwambia nitambeba. Nilimletea kiti kivulini, kisha nikaenda kwa jirani kuazima jembe.