Mama Ndoo na kindi asiyekimbia

Saa saba mchana. Kengele ya chakula imeshalia na vijiko vinagongana bwaloni. Ndani ya stoo ya mafagio, mwanamke mmoja amegeuza ndoo juu chini na kuifanya kiti. Magotini amempakata kindi.

Kindi mwenyewe hazidi ngumi mbili. Ameketi kitako, mikono ameikutanisha kifuani, mkia umelala mgongoni mpaka kisogoni. Chini ya sikio la kushoto ana ufa mwembamba kama unywele. Mwanamke anachota uji mzito wa udongo kwa ncha ya kidole, anauziba, kisha anapitisha mswaki uliokwisha ili pale palipozibwa pafanane na manyoya mengine.

“Tulia, baba,” anamwambia. “Ukinipasukia leo, mimi na wewe basi.”

Amebakiwa na saa moja tu. Kipindi cha mchana watoto wa darasa la pili watamshika kindi huyu mmoja baada ya mwingine, na kesho wanaingia somo jingine. Mwalimu wao ameshalisogeza somo la wanyama wa msituni mara mbili kwa ajili yake. Mara ya tatu haipo.

Hii ni shule ya watoto wasioona, na yeye ni mfanya usafi wake. Watoto wanamwita Mama Ndoo, kwa sababu mpini wa ndoo yake unalia kwiii, kwiii, nao humjua angali mbali. Siku moja mumewe, ambaye ni fundi baiskeli, aliutia mpini huo mafuta. Wiki nzima Mama Ndoo akawa anagongana na watoto kwenye kona. Akauosha kwa sabuni mpaka ukalia tena.

Habari ya kindi ilianza akiwa anapiga deki nje ya darasa. Mwalimu alikuwa anataja wanyama. Simba walimjua, wana sanamu yake ya plastiki. Alipofika kwa kindi, hakuna aliyemjua. Ndipo msichana mmoja, ambaye kwa maswali yake shule nzima inamwita Swali, akapaza sauti kuelekea dirishani.

“Mama Ndoo, najua upo hapo. Kindi yukoje?”

“Ni kama panya, mwanangu. Ila ana mkia mkubwa.”

“Mkubwa kama nini?”

“Kama… kama brashi ya kuoshea chupa.”

“Kwa hiyo ni panya aliyebeba brashi?”

Darasa zima likaangua kicheko, Mwalimu naye hakujizuia. Mama Ndoo anasema alicheka nao, lakini moyoni alichomwa.

“Mimi nimekulia kando ya msitu,” anasimulia. “Kindi walikuwa wanatuibia mahindi mlangoni. Halafu mtoto ananiuliza swali moja, nabaki nababaika. Na kindi si mbuzi, useme utamkamata umpelekee. Hakai akashikwa. Basi mdomo ukaniponza, nikasema, ‘Nitakuletea umshike kwa mikono yako.’”

Akanunua udongo wa pakiti, ule unaokauka wenyewe bila kuingia tanuri. Pakiti moja inakula mshahara wake wa siku mbili, kwa hiyo akajifunza kubana: ndani anaweka gazeti lililofinywa likawa donge gumu, anazungushia uzi, halafu juu ndiyo anaviringisha udongo. Masikio anayakwaruza kwa uma na kuyapaka uji wa udongo kabla ya kuyabandika. Asipofanya hivyo yanadondoka yakikauka.

Kindi wa kwanza alikuwa mrembo. Alimlainisha kwa maji mpaka akateleza, akampaka rangi ya kahawia na tumbo jeupe. Walimu walimpiga picha. Mpishi aliomba akamweke juu ya televisheni yake. Kisha akapelekwa kwa Swali.

Swali alimpapasa tangu puani hadi nyuma, akamrudisha.

“Panya tena,” akasema.

“Jumapili yangu nzima iliishia kwenye ile rangi,” Mama Ndoo anasema huku akijipiga paja. “Rangi! Kwa mtoto asiyeona! Nikajiuliza, hivi mimi nilikuwa namtengenezea nani?”

Kindi wa pili alichanwa manyoya kwa mswaki, akatiwa shanga mahali pa macho na kucha za njiti za ufagio. Mkia ulisimama juu kama bendera. Lakini Mama Ndoo alikuwa na haraka, akamwanika juani, na udongo huu hautaki jua. Nje ulikauka, ndani bado mbichi. Mtoto wa kwanza kumshika akabaki na mkia mkononi.

“Nimemuua!” mtoto akalia.

“Hajafa,” Mama Ndoo akamtuliza. “Amevua mkia tu, kuna joto.”

Mpishi hakumwacha apumue. Kila asubuhi alimpokea na lake: “Vipi huko, mifugo haijambo?” Nyumbani nako mumewe akawaambia watoto, “Mama yenu sasa ameolewa na kindi. Mimi nimebaki mpangaji.” Hata hivyo, ni yeye aliyemletea kipande cha waya wa breki kwa ajili ya mfupa wa mkia.

Waya peke yake usingetosha kwa mikono ya darasa zima. Dawa aliipata siku moja akichuma mboga, alipokumbuka namna kindi alivyokaa juu ya ua wa kwao akila: mkia hakuuacha ukining’inia, aliulaza mgongoni kama mtu aliyejitupia shuka. Mkia ukiegemea mgongo, unashikiliwa kote. Huyu wa tatu akamfinyanga hivyo, akamkausha kivulini chini ya rafu ya sabuni, amefunikwa kitambaa chenye unyevu, akimgeuza kila alipokuja kuchukua fagio.

Saa nane kamili ndoo inalia kwiii kwenye veranda, na darasa zima linageukia mlangoni. Mama Ndoo anaingia, kindi akiwa ndani ya ndoo kavu juu ya taulo.

“Swali aanze,” Mwalimu anasema.

Vidole vya Swali vinaanzia puani. Vinapita juu ya shanga, vinasimama kwenye masikio, vinayasugua. Mama Ndoo ameuma kona ya kanga yake. Vidole vinashuka kisogoni, vinakutana na mkia. Swali anauvuta kidogo. Anauvuta tena, kwa nguvu zaidi.

Mkia hautoki.

“Amejifunika,” Swali anasema taratibu. “Huyu si panya. Panya hana shuka.”

Darasa linalipuka kwa kelele, kila mtu anataka zamu yake. Lakini Swali hajamaliza. Amefika kifuani, anapapasa, anarudia kupapasa.

“Mama Ndoo, mbona mikono yake imeshika hewa?”

Mama Ndoo anajishika kichwa. Kindi anayekula, na chakula chake amekisahau! Anaingiza mkono mfukoni mwa aproni, anatoa bonge la udongo alilobakiza kwa ajili ya nyufa, anamkatia Swali kipande.

“Haya, mpe kokwa. Duara, isizidi ncha ya kidole gumba.”

Swali anaiviringisha kokwa viganjani, ulimi nje. Wanaibandika pamoja.

Baada ya kipindi, kindi amewekwa dirishani, upande wenye kivuli, kokwa ikauke. Mwalimu amekubali meza ya nyuma iwe ya Mama Ndoo: wanyama wote wasiokubali kushikwa watakaa pale, na udongo utanunuliwa na shule. Mama Ndoo anataka watoto wafinyange pamoja naye kila Ijumaa.

Swali ameshaagiza anayefuata: komba, yule anayelia kama mtoto usiku.

“Hapo ndipo amenipatia,” Mama Ndoo anacheka, akiokota ndoo yake. “Komba nimemsikia miaka yote ya utoto wangu. Kumwona, sijamwona hata mara moja. Kwa komba, mimi na hawa watoto tuko sawasawa.”

Mumewe aliwahi kumwona mmoja, kwa umbali wa hatua chache tu. Leo akitoka gereji atamkuta mkewe amekaa mlangoni anamsubiri, na swali ameshaliandaa.

“Nitamwambia, Baba watoto, kaa hapa. Wanasema komba ana macho makubwa. Makubwa kama nini?”