Siku Kitanda Chetu Kilipopelekwa Rhonda

Daktari aliponiambia kwamba nitajifungua kwa kupasuliwa, nilimuuliza maswali mengi, na la mwisho ndilo lililomshangaza. Nilitaka kujua kama nitaweza kuinama. Alisema si mara moja, nisikimbilie. Nilitoka pale nikiwa na hakika ya jambo moja: mtoto wangu alihitaji mahali pa kulala penye kimo sawa na kitanda changu, ubavuni kwangu kabisa, ili nimfikie kwa kunyoosha mkono tu.

Kumlaza katikati yetu hakukuwezekana, na sababu ilikuwa mume wangu. Mchana ni mtu mpole, hata mlango huufunga taratibu. Akilala, analima. Hugeuka na shuka na blanketi, na kuna asubuhi nimejikuta nimelala upande wake wa kitanda bila kujua nilifikaje.

Nesi wa kliniki alikuwa ametufundisha mambo ya kuangalia, sisi kina mama tuliojipanga kwenye benchi na matumbo yetu. Godoro la mtoto liwe gumu, lisibonyee. Fito za kijitanda zikaribiane kiasi kwamba mkebe wa soda haupiti katikati. Ndani kusiwe na kitu kingine ila mtoto mwenyewe: hakuna mto, hakuna mdoli, hakuna blanketi zito. Na kama kijitanda kimeungana na kitanda cha mama, kusiwe na mwanya kati yao hata wa kidole. Hilo la mwisho alilirudia huku akitutazama usoni mmoja mmoja.

Kwa hiyo nilianza kuzunguka madukani Nakuru mjini nikiwa na mkebe mtupu wa soda kwenye mkoba. Katika duka moja la samani, la familia ya Kihindi, mwenye duka alikuwa mama wa makamo aliyeketi nyuma ya kaunta akimenya njugu. Alinitazama nikipitisha mkebe kwenye fito za kijitanda cha kwanza, kisha cha pili, kisha nikitikisa cha tatu.

"Mama, wewe unanunua kitanda ama unauza soda?" akaniuliza.

Nilipomweleza, aliacha njugu zake akaja kunisaidia kutikisa. Kijitanda nilichokuwa nimekipenda kwa macho kilikuwa na mito ya maua imezungushwa pande zote. Akakipiga kofi dogo, kama mtu anayemfukuza paka. "Hii ni ya kupiga picha. Mtoto alale na hewa, si na maua." Akanionyesha vingine vizuri zaidi, vyenye wavu pembeni, lakini vyote vilikuwa vifupi. Kitanda chetu ni kirefu kwenda juu, kama vingi vya mafundi wa huku, kwa sababu uvunguni ndiko tunakoweka masanduku na gunia la viazi. Mama yule alicheka niliposhika paja kumwonyesha godoro linanifikia wapi. Akaniambia niende kwa mafundi wa mtaa wa Rhonda, kwamba huko hata kitanda cha twiga wangenitengenezea.

Fundi niliyempata Rhonda alikuwa na kibanda cha mabati kilichofunguka barabarani, na mbele yake fremu za makochi zilizosubiri vitambaa. Alikuwa kijana mcheshi mwenye penseli sikioni. Aliuchukua mkebe wangu wa soda, akauweka kwenye meza yake ya kazi, na tangu siku hiyo ukawa kipimo chake rasmi. Tulikubaliana mbao za saiprasi, zipigwe randa na msasa vizuri, bila rangi. Upande wa kwangu uwe na ubao mfupi tu, wa kumzuia mtoto asibingirike. Kisha akasema angekuja nyumbani kukifunga kijitanda kwenye kitanda chetu, ahakikishe vimekaa sawa.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingilia kati.

Mama mkwe anaishi Ndabibi, ambako analima kabeji na vitunguu. Mume wangu alipomtajia kijitanda kwenye simu, aliuliza kama tayari kiko ndani ya nyumba. Alipoambiwa bado, akashukuru Mungu. Kwao hakuna kitu cha mtoto kinachoingia nyumbani kabla ya mtoto mwenyewe. Nepi, blanketi, hata kipande cha sabuni, vyote husubiri kwa jirani au kwa shangazi. Kitanda ndicho kibaya zaidi, maana kitanda kitupu kinakaa pale kila siku kikimwangalia mama.

Zaidi ya hayo, hakuona haja yake. Aliwalea watoto wake wote kitandani mwake, ubavuni, wakiwa wamejaa joto. Ndabibi kuna baridi, na kumweka kichanga peke yake kwenye kile alichokiita kreti ya nyanya kulikuwa kumwonea.

Sikucheka. Nilijua yeye ndiye angekuja kukaa nasi baada ya mimi kujifungua. Ndiye angemwogesha mtoto, angenipikia uji, angeamua madirisha yafunguliwe lini. Chumba kingekuwa chake. Kama asingekiamini kijitanda kile, basi mara yangu ya kwanza kusinzia mtoto angehamishiwa kitandani, kwa upendo mkubwa, awekwe kati yangu na yule mkulima wa usingizini. Nilihitaji mambo mawili kwa pamoja: kijitanda kisicho na mwanya, na mama mkwe aliyeridhika.

Mume wangu ndiye aliyepata wazo. Alikuwa akipiga mswaki. Akasema kama kijitanda hakiruhusiwi kuja kwa kitanda, basi kitanda kiende kwa kijitanda. Nilidhani anatania. Jumamosi iliyofuata alikuja na mkokoteni, akafungua kitanda chetu, akapakia mbao, godoro na mito, nasi tukaelekea Rhonda, yeye akivuta, rafiki yake akisukuma, nami nikifuata nyuma polepole na tumbo langu kama msindikizaji wa maandamano.

Tulipofika, mama mkwe alikuwa ametutangulia. Alikuwa ametoka Ndabibi asubuhi kuhakikisha kwa macho yake kwamba kijitanda hakitapanda mkokoteni ule kurudi nasi. Aliketi juu ya fremu ya kochi, mfuko wa kabeji miguuni, na blanketi zito alilolifuma mwenyewe mapajani.

Fundi akafagia vumbi la mbao, akatandaza karatasi, akakiunga kitanda chetu pale mbele ya kibanda, pembeni ya barabara. Akaweka godoro. Akakisogeza kijitanda ubavuni. Kilikuwa kizuri, chepesi, chenye harufu ya msitu. Kisha akanigeukia na kuniambia, kwa adabu, nipande nilale.

Nikapanda. Kulala kitandani mwako mwenyewe, mchana, kando ya barabara ya Rhonda, mimba ikiwa imefika mwisho, ni jambo ambalo halina namna ya kulifanya kwa heshima. Nililala chali nikatazama ukingo wa paa la mabati. Watu wakaanza kusimama. Mwenye bodaboda alipunguza mwendo akauliza kama kliniki imehamia hapa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo alisogeza jiko lake karibu ili asipitwe na chochote. Kijana mwingine akamwita fundi.

"Niaje, boss. Hiyo kitanda inauzwa na mathe ndani?"

"Kitanda ina wenyewe," fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Na mathe pia."

Mume wangu alikuwa amesimama karibu na kichwa changu, akijaribu kutazama kwingine.

Nikanyoosha mkono. Ulifika kijitandani bila shida. Fundi alitaka kuona mtoto anavyopitishwa kutoka kitandani hadi kijitandani, lakini akakumbuka mama mkwe yupo, akaogopa hata kulitaja neno mtoto. Akaangalia huku na huku, akaomba ruhusa, akachukua kabeji moja kutoka kwenye mfuko wa mama yule. Mama mkwe aliikubalia kabeji. Kabeji haikuwa na mwiko.

Nikaipitisha mara kadhaa, upande huu na upande ule, huku muuza mihogo akinisahihisha namna ya kushika shingo. Kila kitu kilikwenda sawa. Fundi akaanza kufuta mikono. Ndipo mama mkwe aliponena. Alisema kitanda hiki hakilaliwi na mtu mmoja. Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu.

Mume wangu akavua viatu akapanda upande wa pili. Watu wakapiga miluzi. Tuliambiwa tutulie kama tuko nyumbani. Nikailaza kabeji ukingoni, kati yangu na kijitanda, kama mtu aliyepitiwa na usingizi akinyonyesha. Jua lilikuwa zuri, na yeye alikuwa amevuta mkokoteni tangu asubuhi. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Nilitaka kumwambia fundi, lakini sikuwahi. Mume wangu aliguna, akajigeuza kwa nguvu kuelekea upande wake, na godoro lote likamfuata.

Sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo, kwa sababu nyumbani upande wangu hakukuwa na kitu cha kupimia. Fremu ya kitanda ilikuwa pana kuliko godoro kwa upana wa kiganja. Kila alipogeuka, godoro liliteleza. Pale ubavuni kwangu, kati ya godoro na kijitanda, pakafunguka mfereji, na kabeji ikatumbukia ndani yake ikakwama.

Hakuna aliyecheka. Muuza mihogo alishika mdomo. Mama mkwe aliinuka kutoka kwenye kochi lisilo na kitambaa, akaja, akapitisha mkono kwenye mwanya ule hadi kwenye kifundo. Akaivuta kabeji kwa shida. Ilitoka imechanika majani ya juu. Aliishika kwa mikono yote miwili, akaitazama kwa muda, kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa bado amelala fofofo katikati ya umati.

"Huyu," akasema, "alipokua nilimlaza na ndugu zake, asubuhi nikiingia wote wako chini, yeye peke yake yuko juu. Nilisahau." Akamgeukia fundi. "Fundi, hapo pajae. Sitaki hewa ipite."

Kuanzia hapo akawa msimamizi wa kazi. Mume wangu aliamshwa, akaelezwa alichokifanya, akaona aibu kweli. Fundi alikata ubao mnene akaupigilia ndani ya fremu, upande wa mume wangu, ili godoro lisukumwe kwangu na lisiwe na pa kutelezea. Akatoboa matundu mawili kwenye ubavu wa kitanda, akakifunga kijitanda kwa bolti na nati ili viwe kitu kimoja. Mama mkwe alipitisha vidole pembezoni kote, akipima. Mahali pamoja ukucha wake uliingia. Akamwita fundi arudi.

Kisha akaamuru mwanawe apande tena. Safari hii mume wangu alikuwa macho, na aligeuka kama mtu anayelipiza kisasi: kushoto, kulia, kwa mabega na magoti. Kitanda kililia. Umati ulihesabu pamoja naye. Godoro halikusogea, na kabeji ilibaki ukingoni imetulia kama imeshiba. Muuza mihogo ndiye aliyeanza vigelegele. Mwenye bodaboda akapiga honi.

Jioni kitanda kilirudi nyumbani na ubao mpya upande mmoja na matundu mawili upande mwingine. Kijitanda kilibaki kibandani, kimefunikwa shuka, na fundi akaapa kwa mama mkwe kwamba hakitatoka. Kabeji tuliila na chapati. Katika siku zilizobaki nilikuwa nikilala na kidole changu kwenye mojawapo ya matundu yale, nikijua kuna kitu kinakuja kukaa hapo.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye nywele nyingi na sauti ya kuitia watu mkutanoni. Siku tuliyotoka hospitali, fundi alikuwa langoni na kijitanda begani. Mama mkwe alimsimamisha hapo. Akamchukua mtoto kutoka kwangu, akavuka naye kizingiti, akamzungusha sebuleni na kumwonyesha meza, viti na jiko, kisha ndipo akaita kutoka ndani kwamba sasa vitu vya mwenyewe viingie.

Bolti ziliingia kwenye matundu yake bila kugombana. Nililala upande wangu, taratibu, nikishikilia mshono. Mama mkwe alipitisha vidole pembezoni kote kama siku ile, na havikupata pa kuingia. Lile blanketi zito la Ndabibi alilikunjua, akalitazama, akatazama kijitanda kitupu chenye godoro lake gumu. Kisha akalitandika juu ya miguu yangu. Akamlaza mtoto chali, ndani ya kijitanda, peke yake.

Nilidhani amemaliza. Lakini alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akimwangalia mwanawe.

"Na wewe panda," akamwambia. "Geuka tuone."

Mume wangu akapanda, akageuka mara moja, kwa moyo wake wote. Kitanda kililia. Godoro halikusogea. Ndani ya kijitanda binti yetu alipiga mwayo mrefu, akafumba macho, na bibi yake akaenda jikoni kukoroga uji.