Mama Lifti na ngazi za darasa la saba

Saa moja kasoro asubuhi, mhudumu wa usafi wa shule ya msingi anapiga deki ngazi za kwenda ghorofani. Akifika katikati anasimama, anashika ukuta, anavuta pumzi. Hana alichobeba zaidi ya ndoo ya maji isiyofika hata nusu.

"Mgongo umezoea kupumzika hapa," anasema, akijicheka kwa uchovu. "Hata nikipanda mikono mitupu, unanisimamisha."

Wanafunzi wanamwita Mama Lifti. Jina alilipata alipoanza kumpandisha ngazi hizi, mgongoni, msichana ambaye miguu yake haijawahi kumbeba. Msichana alikuwa darasa la nne, mwepesi. Lakini watoto wanakua na migongo inazeeka, na madarasa yote ya wakubwa yako juu.

Kazi hiyo hakupangiwa na mtu, wala haikumwongezea chochote kwenye mshahara wake wa kufagia. Mwalimu mkuu wa zamani aliwahi kumwambia mama wa msichana amtafutie shule maalumu ya bweni, mbali.

"Nikamuuliza, huko nani ataamka kumgeuza usiku?" anakumbuka mama huyo. "Akasema hilo si la shule."

Mwaka huu msichana alipoingia darasa la saba, Mama Lifti alianza kuogopa. Asubuhi moja magoti yalimlegea katikati ya ngazi. Akaketi chini, mtoto akiwa bado amemshika shingo. Mwalimu mkuu mpya, mwanamke wa maneno machache, aliwakuta hapo.

"Aliniuliza, dada, unaumwa wapi?" anasema Mama Lifti. "Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu aliwahamishia walimu ghorofani na kulishusha darasa la saba kwenye chumba chao. Manung'uniko hayakukosekana. Mwalimu mmoja mwenye kitambi alilalamika kwamba chai yake inapoa kabla hajafika juu.

Wanafunzi ndio walionuna zaidi. Katika shule hii, darasa la saba hukaa chumba cha kona, na wao ndio hugonga kengele, kipande cha chuma kilichoning'inizwa barazani huko juu. Watoto huisubiri zamu hiyo tangu wakiwa wadogo.

"Waliacha kuongea na mimi," anasema msichana. "Nikamwambia Mama Lifti, bora unirudishe juu."

Mama Lifti anakiri kwamba maneno hayo yalimuuma kuliko mgongo. Alikwenda kwa mwalimu mkuu na kumwambia waziwazi kwamba wamesahau kengele.

"Nikamwambia, mama, umewapa chumba, umewanyima heshima yao. Hakukasirika. Alisema, kweli, nimekosea. Tuishushe."

Siku hiyohiyo Mama Lifti aliibeba kengele hadi chini. Aliining'iniza nje ya chumba kipya, chini kidogo, mtu aliyeketi aifikie. Zamu ya kwanza, wenzake walimsukumia msichana nyundo bila kumtazama usoni. Aligonga kwa nguvu mpaka darasa la kwanza wakaziba masikio. Hapo ndipo mmoja alipocheka, wakafuata wengine.

Sasa kuna habari nyingine. Mwalimu mkuu amepata uhamisho, ataondoka muhula ukiisha. Walimu wameshaanza kuulizana chumba chao watarudishiwa lini. Msichana atakuwa amemaliza, lakini darasa la pili yupo mvulana wa magongo.

"Nimechoka," anasema Mama Lifti, akikamua tambara. "Huyo siwezi kumbeba. Nampenda, lakini siwezi."

Tumaini lake ni kwamba chumba kitabaki kilipo. Anaonyesha kengele: ameifunga upya kwa waya mnene, akaukaza kwa koleo.

"Mkuu mpya akitaka irudi juu, sitabishana naye," anasema. "Ila ataibeba mwenyewe. Mgongoni."