Kidole Gumba cha Mpiga Picha

Mpiga picha wa mlango wa pili habonyezi kamera kabla hajamwekea mteja kidevuni kile kipima mwanga chake, kidogo kama kiberiti, chenye mshale na kitone cheupe kinachopokea mwanga. Husoma, huguna, kisha hukirudisha mfukoni mwa shati na kukipapasa kama anayebembeleza kifaranga. Juzi walikuja dada wawili na mama yao. Mama aliketi mbele. Mabinti wakasimama nyuma yake wamenuniana, katikati yao pengo la kupitisha kabati. Mimi dobi nikaacha pasi yangu nichungulie dirishani. "Mwanga hautoshi, dada zangu," alisema mpiga picha, kipima mwanga mkononi. "Sogeeni." Wakasogea unyayo mmoja. "Mshale umelala fofofo! Sogeeni bwana, hamtaungua." Mdogo akashindwa kuzuia kicheko, mkubwa akamfuata, mabega yakagusana. Hapo ndipo nilipoona kidole gumba cha jirani yangu kimekiziba kile kitone cheupe. Mama naye alikuwa amekiona, maana kilikuwa mbele ya pua yake. Jamaa akataka kukiondoa kidole. "Pima tena, mwanangu," mama akamwambia. "Bado hawajashikana mikono."